Kuchora masanduku kwa pespektivu: mwongozo kamili kwa anayeanza, Goma ikiwa ndiyo darasa

Ukitaka kuchora Goma, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya ziwa Kivu, utakutana na sanduku kabla hujakutana na kitu kingine chochote. Nyumba ya mbao ni sanduku lililofunikwa mabati. Kioski cha kuuzia unité, yaani salio la simu, ni sanduku lenye dirisha. Kasha la bia, kontena, bodi la Fuso lililojaa makaa, tofali, hata bido la njano la lita 20: yote ni masanduku, mengine yamelainishwa kona tu. Anayeweza kuligeuza sanduku upande wowote anaotaka, likakaa chini kwenye karatasi bila kuelea wala kupinda, ameshabeba nusu ya kazi ya pespektivu, yaani ufundi wa kuonyesha umbali na kina kwenye karatasi bapa. Asiyeweza, rangi nzuri haitamwokoa.

Utaratibu ninaoushauri ni huu: chora kwa mkono mtupu, kisha kagua kwa rula. Wengi hufanya kinyume. Wanachora kwa rula tangu mwanzo, mistari inanyooka, picha inapendeza, na jicho linabaki lilivyokuwa.

Vifaa

Karatasi nyeupe za fotokopi zinatosha. Kaye ya karo iache kwa hesabu, maana miraba yake inakuvutia mistari yako bila wewe kujua. Tumia biki ya bluu au nyeusi kuchora, na biki nyekundu kukagua. Penseli isubiri. Kilichochorwa kwa penseli hufutwa, na kosa lililofutwa halikufundishi kitu. Ongeza rula ya sentimita 30, kiberiti, na boksi la sabuni la kutazama ukiwa umekaa. Baadaye utahitaji ubao wa kama mita moja na nusu, misumari miwili na uzi. Hivyo fundi yeyote wa mbao anaweza kukupa bila kukutoza.

Mkono kwanza

Mstari mrefu unatoka begani. Ukiutoa kwenye kiganja, utapinda kila mara, kwa sababu kiganja kinazunguka kwenye kiungo chake na kuandika sehemu ya duara. Weka nukta mbili kwenye karatasi. Pitisha mkono juu yake hewani mara mbili tatu bila kugusa, ukienda na kurudi, mpaka bega lizoee njia. Kisha shusha biki, upige mstari mara moja tu. Ukikosea, uache ulivyo. Usirudie juu yake: mstari uliochorwa mara nne haueleweki uko wapi hasa, na sanduku lenye kingo za namna hiyo haliwezi kukaguliwa.

Jaza ukurasa mmoja wa mistari ya namna hiyo kabla ya kila kikao, basi. Haina haja ya zaidi.

Upeo wa macho, na kwa nini milima inatudanganya

Hapa tukae kidogo, kwa sababu mtu wa Goma ana shida ambayo mtu wa tambarare hana. Vitabu vingi vinaanza kwa kusema, "Chora mstari pale mbingu inapokutana na ardhi." Kwetu mbingu inakutana na ardhi juu ya volkano ya Nyiragongo, mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, wakati wewe uko karibu na ziwa, kwenye mita 1,500 hivi. Ukiweka mstari wa upeo kwenye kilele cha mlima, kila nyumba utakayoichora chini yake itaonekana kama inatazamwa na ndege.

Katika pespektivu, mstari wa upeo ni kimo cha macho yako. Ukisimama unapanda nawe, ukikaa unashuka nawe. Mlima ni kitu kirefu tu kinachovuka mstari huo kwenda juu, sawa na mti au mnara.

Kuna njia nyepesi ya kuupata. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha, itie maji nusu, ishike mbele ya uso. Ukiishusha unaona uso wa maji kwa juu, ukiipandisha unauona kwa chini. Mahali ambapo uso wa maji unageuka kuwa mstari mmoja mwembamba, hapo ndipo kimo cha macho yako. Tazama ng'ambo ya mstari huo: dirisha gani la jirani liko sawa nao, shingo ya nani, ubao gani wa ukuta? Hapo pote ndipo upeo unapopita. Ukienda ufukweni mwa ziwa Kivu, ukatazama kusini, utaona maji ya mbali yanapanda hadi karibu sawa kabisa na mstari wa chupa yako. Hiyo ndiyo sehemu ya mji ambapo upeo unaonekana waziwazi.

Sasa tafuta nyumba ambayo mbao zake zimepigiliwa kwa kulala. Simama karibu na kona yake, funga jicho moja, unyooshe rula mbele yako ikiwa imelala sawa, na uipandishe ubao mmoja mmoja. Mbao zilizo juu ya macho yako zinashuka kadiri zinavyokwenda mbali. Zilizo chini zinapanda. Katikati kuna ubao mmoja, au ufa mmoja kati ya mbao mbili, ambao haupandi wala haushuki. Huo ndio upeo. Chutama: mstari uliolala umehamia ubao mwingine wa chini, na ule wa mwanzo sasa unashuka. Fanya hivyo kwenye nyumba mbili tatu za mtaa wako kabla hujagusa karatasi. Ukuta wa mbao ni mwalimu mzuri kuliko mchoro wowote wa kitabuni, na uko kila kona.

Nukta moja

Mistari iliyo sambamba, ikienda mbali na wewe, huonekana kukutana mahali pamoja. Pahali hapo tupaite nukta ya kutoweka. Filippo Brunelleschi alilionyesha jambo hili huko Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na Leon Battista Alberti akaliandika kama kanuni mwaka 1435. Si sheria ya uzuri. Mchoraji Pilipili Mulongoy wa Lubumbashi alijaza turubai zake samaki na ndege bila kuhitaji upeo wowote, na kazi zake zinapendwa mpaka leo. Lakini ukitaka sanduku likae chini, kanuni hii ndiyo njia.

Chora mstari wa upeo katikati ya karatasi, uweke nukta moja juu yake. Chini kushoto chora mstatili, ambao ndio uso wa sanduku unaokutazama moja kwa moja. Kutoka kila kona ya mstatili, vuta mstari mwepesi kuelekea kwenye nukta. Halafu kata mistari hiyo kwa mstatili mdogo wa nyuma, kingo zake zikiwa sambamba na za mbele. Umemaliza. Chora mengine kulia, juu ya upeo, na moja linalokatwa na upeo wenyewe katikati. Zingatia kwamba la chini linakuonyesha kifuniko chake, la juu linakuonyesha sakafu yake, na lile la katikati halionyeshi kimojawapo.

Kurasa mbili za namna hii zinatosha. Sanduku la nukta moja ni rahisi mno na linazoesha uvivu, kwa sababu mtaani ni mara chache kitu kinakugeukia uso kwa uso.

Nukta mbili, kwa misumari na uzi

Ukisimama kwenye kona ya nyumba, ukuta mmoja unakimbilia kushoto na mwingine kulia. Kila ukuta una nukta yake, na nukta zote mbili ziko kwenye upeo. Mistari ya wima inabaki wima.

Kosa linaloharibu michoro mingi ni kuziweka nukta zote mbili ndani ya karatasi. Kona ya nyumba hutengeneza pembe ya nyuzi 90, kwa hiyo nafasi iliyo kati ya nukta hizo mbili inabeba nyuzi 90 za kuona. Ukiibana kwenye upana wa karatasi ya A4, sentimita 30 tu, umelazimisha karatasi ndogo ibebe mtazamo mpana mno, na masanduku ya pembeni yatachongoka kama visu. Nukta zinatakiwa ziwe mbali, nje kabisa ya karatasi.

Ndiyo kazi ya ule ubao. Ulaze mezani, piga misumari miwili, mita moja kati yake, kwenye mstari ulionyooka. Bandika karatasi katikati ikiwa imelala, upeo wake ukiwa sawa na misumari. Kila msumari ufunge uzi. Sasa chora ukingo mmoja wa wima, ambao ni kona ya sanduku iliyo karibu nawe. Vuta uzi wa kushoto mpaka ncha ya juu ya ukingo huo, utazame unavyopita, uuache, kisha chora mstari kwa mkono ukifuata ulichokiona. Rudia kwa ncha ya chini, halafu uzi wa kulia. Uzi unakuonyesha njia tu. Mwenye kuchora ni wewe. Kata kuta mbili kwa mistari ya wima, na kutoka ncha zake vuta mistari ya kifuniko: ukuta wa kulia unarudi kwenye msumari wa kushoto, ukuta wa kushoto unarudi kwenye msumari wa kulia. Hapo ndipo wanaoanza huchanganyikiwa, basi uangalie uzi mara mbili.

Kuna kipimo cha kujua kama umetoka nje ya eneo salama. Fikiria duara ambalo kipenyo chake ni umbali kati ya misumari miwili. Ndani ya duara hilo, mistari miwili ya kifuniko inayokutana kwenye kona iliyo mbele yako hufanya pembe inayozidi nyuzi 90. Ukitoka nje, pembe inashuka chini ya 90 na sanduku linaanza kuonekana limebanwa. Kwa mita moja ya misumari, karatasi ya A4 iliyowekwa katikati inaingia yote ndani.

Barabara inayopanda

Mji wetu hauko tambarare. Ukitoka ziwani ukielekea kaskazini, upande wa Majengo, ardhi inapanda kuelekea volkano. Simama katikati ya barabara hiyo, uso ukiwa kaskazini, na utaona kitu ambacho masomo ya kawaida hayasemi: kingo za barabara zinakutana juu ya upeo wa macho, si kwenye upeo. Lakini mabati na madirisha ya nyumba zilizo kandokando yanakutana kwenye upeo palepale, kwa sababu fundi aliyajenga kwa pimamaji, hakufuata mteremko.

Kwa hiyo unakuwa na nukta mbili, moja juu ya nyingine, kwenye mstari mmoja wa wima. Ya chini, iliyo kwenye upeo, ni ya nyumba. Ya juu ni ya barabara. Ukigeuka kutazama kusini, barabara inateremka, na nukta yake inashuka chini ya upeo. Misingi ya mawe ya lava ndiyo inayoonyesha tofauti: upande mmoja wa nyumba msingi ni mfupi, upande wa pili ni mrefu. Mchoro ukikosa hilo, barabara itaonekana tambarare na nyumba zitaonekana zinazama.

Sanduku lisilo na nukta: njia ya Y

Hili ndilo zoezi lenyewe. Yaliyotangulia yalikuwa maandalizi.

Safari hii huweki nukta yoyote. Chora mistari mitatu inayotoka sehemu moja, mfano wa herufi Y iliyoegemea popote. Sehemu hiyo ni kona ya sanduku iliyo karibu nawe zaidi, na sanduku linaweza kuwa limerushwa hewani, halina habari na upeo. Hakikisha kila pembe kati ya mistari mitatu inazidi nyuzi 90. Moja ikiwa ndogo, sanduku litaonekana limevunjika, hata ukiwa mwangalifu vipi baadaye.

Sanduku lina kona 8, nyuso 6 na kingo 12. Kingo hizo 12 ni familia tatu zenye ndugu wanne wanne. Kila mstari wa Y ni mmoja wa familia yake. Sasa ongeza ndugu wa pili na wa tatu wa kila familia: kila mmoja ni ukingo unaoanzia mwisho wa mstari jirani na kwenda upande uleule, ila ukikaribiana kidogo na mwenzake kadiri unavyokwenda mbali. Ukikamilisha nyuso tatu zinazoonekana, utakuwa na kingo 9. Zilizobaki 3 zimefichwa nyuma. Zichore nazo, kana kwamba sanduku ni la kioo.

Kabla ya kupiga mstari wowote, jiulize: ndugu zake wengine watatu wanakwenda wapi? Usimtazame jirani yake peke yake. Ukimlinganisha na mmoja tu, wawili hao watapatana na wale wengine wataachana. Pitisha mkono hewani ukifuata mwelekeo wote, mbele zaidi ya mwisho wa ukingo, kana kwamba unaufuata mpaka nje ya meza.

Kingo tatu za nyuma zinatakiwa kukutana kwenye kona moja. Kwa muda mrefu hazitakutana. Kutakuwa na kijipembetatu pale, kwa sababu makosa madogo yote ya kingo nyingine yanajikusanya hapo. Usipinde mstari ili kuficha. Ukubwa wa kijipembetatu hicho ndicho kipimo chako, na utauona ukipungua wiki kwa wiki.

Halafu kiasi cha mkutano. Kiberiti kilichochorwa na mistari inayokutana karibu kitaonekana kama ghorofa uliyosimama chini yake. Vitu vidogo, au vilivyo mbali, mistari yake inakaribiana taratibu sana. Anza na hivyo, maana ndivyo vigumu zaidi kuhukumu.

Kukagua

Ukimaliza ukurasa, chukua biki nyekundu na rula. Kila familia, endeleza mistari yote minne upande unaokwenda mbali na wewe, yaani kutoka kwenye kona ya Y kwenda nje. Wengi wanaiendeleza upande usio sahihi, inaachana, wanadhani sanduku zima ni bovu. Familia nzuri, mistari yake inasogeleana kwa pamoja hata kama haikutani nukta moja kamili. Familia mbaya, miwili inakatana mapema na mingine miwili inakwenda sambamba, au inafunguka.

Andika pembeni ya sanduku ni ukingo gani uliopotea njia. Kwa walio wengi ni uleule kila mara, ule wa nyuma kabisa. Kisha chora sanduku linalofuata ukiwa na hilo kichwani, bila kulirudia lile la kwanza.

Masanduku matano kwa siku pamoja na ukaguzi wake yanatosha, dakika 20 hadi 30. Fanya mchana, kwa sababu mwanga wa tochi ya simu hutupa kivuli cha mkono palepale unapochora. Mtandaoni kuna zoezi mashuhuri la masanduku 250. Idadi si mbaya, lakini masanduku 250 bila biki nyekundu ni wino uliopotea. Afadhali 60 yaliyokaguliwa.

Kugawa ukuta

Ukitaka kupata katikati ya ukuta unaokwenda mbali, usipime kwa rula. Chora mistari miwili ya kona kwa kona. Zinapokatana ndipo katikati halisi, na utaona iko upande wa mbali kuliko ulivyodhani. Piga wima hapo mpaka juu, uendelee kidogo: hapo ndipo kilele cha paa la mabati kinapokaa, ikiwa ukuta huo ni ule wa pembetatu.

Kwa nguzo za uzio zilizopangwa sawa, chora mbili za kwanza, unganisha vichwa vyao na miguu yao kuelekea nukta ya kutoweka. Tafuta katikati ya nguzo ya pili. Kutoka kichwa cha ya kwanza, pita katikati hiyo, ushuke mpaka mstari wa miguu: hapo inasimama nguzo ya tatu. Endelea hivyo.

Ukitoka nje kuchora

Omba ruhusa kwa mwenye nyumba kwanza, umwonyeshe karatasi zako. Kambi za jeshi, mpaka na ofisi za serikali usizichore kabisa, hata kama kuta zake zina mistari mizuri. Watoto watakuja. Mmoja atakuita yaya, yaani mkubwa wake, na kuuliza, "Yaya, sasa mbona nyumba yetu umeipanua huku?" Mjibu kwa chupa ya maji: mpe aishike mwenyewe aone.

Na ukishazoea masanduku, usikimbilie sura za watu. Nenda kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, mtihani mzuri kuliko wowote mjini. Ubao wake mkuu ni sanduku refu na jembamba, uchore kwa njia ya Y. Kila gurudumu ni sanduku bapa: chora mraba ulio katika pespektivu, tafuta katikati ya kila upande kwa mistari ya kona kwa kona, kisha pitisha duaradufu inayogusa sehemu hizo nne. Kipenyo chake kifupi kifuate mwelekeo wa ekseli, yaani mhimili wa gurudumu, la sivyo gurudumu litaonekana linataka kuanguka. Halafu angalia usukani. Ukiwa umegeuzwa hata kidogo, gurudumu la mbele haliko tena kwenye familia ya ubao mkuu. Lina mwelekeo wake, na nukta yake nyingine kwenye upeo uleule. Chora sanduku lake peke yake kwanza, ndipo uliunganishe na mwili.